Kijidudu Kisicho na Jina Katika Ndiva Yetu

Kazi yangu ya kwanza maabara ilikuwa kuosha chupa, na mojawapo ya sababu za kuandika haya ni kwamba naona siku hizi chupa zinaoshwa vibaya.

Sababu nyingine ni swali. Siku mliyoniaga kwa soda na hotuba, mmoja wenu aliniuliza mbele ya watu ni kesi gani ilinisumbua kuliko zote. Nikacheka, nikasema zilikuwa nyingi. Jibu la kweli lilikuwa refu mno kwa siku ile, na pilau ilikuwa inapoa. Nalitoa hapa. Mambo ya vyeo na mishahara nayaacha, maana yako kwenye majalada ya ofisi na hayajamfundisha mtu kupima kitu.

Baba alifariki nikiwa darasa la tano. Mama alimfuata kabla sijamaliza la sita. Alishikwa na tumbo, akaharisha, akaisha, na hakuna aliyetuambia ilikuwa nini. Mimi Nakunda ndiye niliyekuwa mkubwa. Nyuma yangu alikuwepo Elisante, kisha wadogo wawili wa kike. Mwalimu mkuu alipanda hadi nyumbani kuniomba nirudi shule. Nilimkaribisha, nikampikia, nikamwambia watarudi hao watatu. Alikula, akamaliza, na nadhani alinielewa.

Shamba la wazazi lilikuwa mlimani, juu ya Maore, mahali ambapo ukisimama unaona mpunga wa watu wa chini ukiwa kijani kama kitambaa kilichoanikwa. Shamba hilo lilinyweshwa na ndiva. Kwa wale mliotoka mbali, ndiva ni bwawa dogo la kuchimbwa, lenye kingo za mawe na udongo. Jioni maji ya kijito huelekezwa humo, hulala, asubuhi huzibuliwa na kuteremka mashambani kwa zamu. Ndiva yetu ilichimbwa na watu ambao hata babu zetu hawakuwakumbuka sura. Mwenye zamu hakosi, na asiyefika kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kuisafisha, hapati zamu. Hatukuwa na sheria nyingine kubwa kuliko hiyo.

Niliteremka Same kwa shangazi yangu ili nitafute kazi, nikiwaacha wadogo kwa baba mdogo kwa muda. Ulikuwa mwaka wa Uhuru. Maabara ya mifugo ilikuwa inatafuta mtu wa kuosha vyombo. Mzungu aliyekuwa mkuu wa pale nilimkuta akipigilia misumari kwenye makasha yake. Alinipa mkono, akaniambia karibu, na wiki haikuisha alikuwa ameondoka. Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Chilumba.

Mzee Chilumba alitoka Newala. Aliletwa Tanganyika ya kaskazini kukata mkonge, mwiba ukamharibu jicho moja, wakamtoa shambani wakampeleka maabara kulisha wanyama wa majaribio. Alikaa, akatazama, akajifunza. Nilipofika, yeye ndiye aliyeiendesha maabara yote, na jicho moja lililobaki liliona kwenye darubini kuliko mawili ya wengine.

"Shikamoo," nilimwambia.

"Marahaba. Unajua kuosha vyombo?"

"Najua."

"Hujui. Unajua kuosha vyombo vya kulia. Kwani wewe ni Mpare?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi ukishindwa kuosha usinishitaki. Nimeambiwa ninyi mnaweza kwenda mahakamani kwa ajili ya yai."

Alichukua chupa niliyoiosha kwa nguvu zangu zote, akaijaza maji, akayamwaga, akainua chupa kwenye mwanga wa dirisha. "Tazama. Maji yamebaki vitone vitone. Hiyo ina mafuta. Ikiwa safi, maji hushuka yote pamoja kama shuka." Kisha akanieleza jambo ambalo ninyi vijana hamlifanyi: sabuni nayo ni uchafu. Sabuni ikibaki kwenye chupa, kijidudu unachokitafuta hufa, na wewe unakwenda kumwambia mwenye ng'ombe kwamba hakuna kitu. Suuza hadi uchoke, halafu suuza tena kwa maji yaliyochemshwa. Nilifanya hivyo msimu mzima kabla hajaniruhusu kugusa kitu kingine.

Baadaye alinipa waya. Mliukuta ukiwa kwenye droo, ule wenye kitanzi nchani na mpini wa mti. Unauchoma kwenye moto wa spiriti hadi uwe mwekundu, unausubiri upoe, unachota kidogo sana, unapaka kwenye lishe, chakula cha vijidudu kilichogandishwa ndani ya kisahani, unauchoma tena. Mzee alikuwa anasikiliza zaidi ya kutazama. Waya ukigusa lishe ukalia "tss", alisema, "Umekiua." Hakuwa na haja ya kugeuka.

Kabati la joto la kuoteshea vijidudu lilitumia mafuta ya taa. Utambi usipokatwa vizuri hutoa masizi, joto linashuka, na kazi ya siku mbili inaharibika. Damu ya kuchanganya kwenye lishe tulimtoa kondoo mmoja aliyefugwa uani, tuliyemwita Bwana Shamba kwa sababu alikula vizuri na hakulima. Aliishi miaka mingi kuliko kondoo yeyote wa Same, na alipokufa kwa uzee hakuna aliyethubutu kutaja supu.

Wadogo zangu niliwaleta Same mmoja mmoja, wakasoma. Wasichana wawili waliolewa huko huko mjini. Elisante alikataa mji. Alimaliza la saba akarudi mlimani kwenye shamba la baba, na mimi nikafurahi, maana nilikuwa naogopa litamezwa na kichaka.

Kesi za miaka hiyo zilikuwa za mifugo. Ninaikumbuka moja ya kimeta. Mzee wa Kimasai alikuja kwa miguu kutoka mbugani akiwa na sikio la ng'ombe ndani ya kibuyu. Tulipomaliza kupima na kumwambia asimguse wala asimle yule ng'ombe, alituuliza kwa upole, "Na waliokwisha kula?" Mzee Chilumba alivaa koti akaenda kumwamsha mganga wa hospitali aliyekuwa amejipumzisha baada ya chakula cha mchana. Wawili kati ya waliokula walipona. Mmoja hakupona. Tangu hapo nilijua kwamba jibu letu mara nyingi huwafikia watu likiwa limechelewa, na kwamba kuchelewa si ruhusa ya kubahatisha.

Sasa nafika kwenye kesi yenyewe. Ilikuwa miaka ile ya watu kuhamia vijijini. Waliokaa mlimani wakiwa wametawanyika walikuwa wakiambiwa washuke, wajipange, wawe karibu na shule na zahanati. Wengine walishuka kwa hiari, wengine walisubiri waone. Wakati huohuo kipindupindu kilikuwa kimesikika mwambao. Utingo mmoja wa lori akashikwa na kuharisha Hedaru, kwenye kituo cha malori, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Hatukuwahi kujua alikufa kwa nini. Hofu haikusubiri kujua.

Bwana Afya alizunguka wilaya nzima akichota maji ya mito na visima, na kwa kuwa hospitali haikuwa na nafasi ya kupima yote, mengine yaliletwa kwetu. Mkuu wetu wakati huo alikuwa Daktari Mrisho, kijana wa Tanga aliyesoma ng'ambo na kurudi na masanduku mawili ya vitabu. Alikuwa mpole, mwenye haraka ya miguu na taratibu ya mikono. Yeye ndiye aliyenipa dawati la kupima maji, akisema mtu anayesuuza chupa vile anaweza kuaminiwa.

Chupa moja ilitoka kwenye ndiva yetu.

Maji hayo niliyaweka kwenye mchuzi wenye magadi, ambao vijidudu vya jamii ya kipindupindu huupenda kuliko vingine. Kisha nikapaka kwenye lishe ya kijani. Kesho yake kisahani kilikuwa kimejaa madoa ya manjano, makubwa, yenye kung'aa. Kwenye darubini vilikuwa vijiti vilivyopinda kama mkato wa kuandikia, vikikimbia huku na huku kama inzi waliofungiwa. Mzee Chilumba alichungulia kwa jicho lake.

"Kimefanana," alisema.

"Ndicho?"

"Nimesema kimefanana. Hata mimi nimefanana na baba yangu."

Habari ilitoka kabla ya jibu, kama kawaida. Katibu Tarafa akatangaza kwamba ndiva ya juu ya Maore ina kipindupindu, ibomolewe kingo, na watu wake washuke mara moja. Alitoa muda mfupi kwa sababu Daktari alimwomba kwa heshima nafasi ya kurudia kipimo. Ninataka mjue huyu Katibu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amehamishiwa kwetu kutoka mwambao, na aliwahi kumwambia Daktari mbele yangu, "Ndugu Daktari, mimi nimeona nyumba nzima ikifungwa kwa sababu hakuna aliyebaki wa kufungua mlango. Sitaki kuona tena." Hakupaza sauti alipokuwa anasema.

Vipimo viwili vilikuwa vya kuamua. Cha kwanza ni seramu, majimaji ya damu yanayokitambua kipindupindu: unachanganya tone moja na kijidudu juu ya kioo, na kikiwa kipindupindu, mchanganyiko hukatika punje punje kama maziwa yaliyoharibika. Wetu haukukatika. Cha pili ni karatasi iliyoloweshwa dawa: ukipaka kijidudu cha jamii hiyo, karatasi hugeuka zambarau papo hapo. Yetu ilibaki nyeupe.

Ungedhani tungeshangilia. Lakini seramu yetu ilikuwa imekaa kwenye jokofu la mafuta ya taa lililokuwa likizimika mara kwa mara, na dawa ya karatasi huharibiwa na mwanga na joto, na Same ina vyote viwili. Dawa iliyokufa nayo haibadiliki rangi. Tena, kwa vitabu vya Daktari, vijidudu vyote vya umbo lile hugeuza karatasi. Kipimo kilikuwa kinatuambia jambo lisilowezekana, kwa hiyo tukakishuku kipimo. Daktari aliagiza seramu na dawa mpya kutoka maabara kuu, akapanga twende mlimani kuchota maji upya.

Kabla hatujaenda, Elisante alikuja. Alinikuta uani nikianika visahani juani. Alikuwa amevaa koti la baba, ambalo lilikuwa limemkaa sawa kwa mara ya kwanza.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekula?"

"Nitakula. Ni wewe unayekiangalia hicho kidude?"

"Mimi na wenzangu."

"Basi andika si kipindupindu."

"Sijui kama si kipindupindu."

"Yale maji unayajua. Umekuzwa nayo."

"Maji nayajua. Kilichomo sikijui bado."

Alichutama, akachora mstari chini kwa kijiti. "Mahindi yametoa mbelewele. Wakibomoa ndiva sasa hivi hakuna kinachokomaa, hata kwa dawa. Na nikishuka, shamba la baba linaota nini? Dada, ni neno moja tu. Nani atajua?"

"Waliokufa watajua," nilisema. "Mama alikufa kwa tumbo, Elisante. Hakuna aliyetuambia ni nini. Mimi sitakuwa mtu wa kumwambia mtoto wa mwenzangu kwamba hakuna kitu, wakati sijui."

"Ungekuwa mama, ungeandika."

Aliondoka bila kula. Nilibaki na visahani vyangu. Mzee Chilumba alikuwa dirishani na alikuwa amesikia yote. Alitoka, akanisaidia kugeuza visahani upande wa pili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimjue.

Tulikwenda na Landrova kwa njia ya Kisiwani, kisha kwa miguu. Tulipofika karibu tulisikia watu wengi wakiimba. Nikaujua wimbo kabla sijaona kitu. Ulikuwa wimbo wa msaragambo.

Pembe ilikuwa imepigwa alfajiri. Kila nyumba ilitoa mtu. Walikuwa wameizibua ndiva hadi tone la mwisho, wametoa tope lote kwa makarai, wamesugua mawe kwa majivu, na wanawake walikuwa wanafagia chini, chini kabisa, mahali ambapo sikuwahi kupaona nikiwa mtoto. Walituona wakanyamaza, wakatazamana kwa fahari. Mwenyekiti wao alimwendea Daktari akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Tumesikia mnakuja kutazama maji, Daktari. Mgeni hakaribishwi kwenye nyumba chafu. Sasa pimeni."

Hakukuwa na kitu cha kupima. Kwetu, kumsafishia mgeni ni heshima, na ndiva kusafishwa kabla ya jambo kubwa ni desturi ya tangu zamani. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba walikuwa wanafuta kile tulichokuja kukitafuta. Elisante alikuwa ndani ya shimo, tope hadi magotini, akinitazama kama mtu aliyenisaidia.

Katibu Tarafa, aliyekuja nasi, alielewa kwa njia nyingine. "Mmeusafisha ushahidi," alisema. Wale waliokuwa wakiimba walianza kuchukua majembe yao mmoja mmoja. Katibu akamgeukia Daktari. "Umeona mwenyewe. Mimi siwezi kusubiri zaidi. Jumamosi tunabomoa."

Daktari Mrisho alikuwa amechutama kwenye ukingo wa ndiva, akitazama mawe ya juu, ambayo majivu hayakuyafikia. Yalikuwa na madoa meupe meupe ya kinyesi cha ndege.

"Hawa ni ndege gani?" aliuliza.

"Yangeyange," Mwenyekiti alisema. "Na bata wa porini. Wanatoka kwenye mpunga kule Maore, jioni maji yakitulia wanakuja kunywa huku. Hatuwafukuzi. Wanakula viwavi."

"Wanakuja kila siku?"

"Hata jana walikuwepo. Leo wamekimbia kelele zetu."

Daktari aliniomba vijiti vya pamba. Tulifuta kila jiwe lenye doa. Kisha tukagawana. Mzee Chilumba, ambaye miguu yake ilikuwa imechoka, alibaki mwanzo wa kijito akachota maji ya juu kabisa, yanapotoka msituni. Mimi nilishuka na mto hadi Maore nikichota kila mahali ndege walipotua. Watu wa mpunga walitunasia yangeyange na bata kwa nyavu zao za kulindia mashamba, wakatucheka sana walipoona tunawapima ndege makalio kwa pamba na kuwaachia. Mama mmoja alimwuliza Daktari, "Na huyu mmemkuta na homa?" Daktari akamjibu kwa uso mkavu kwamba amekutwa na shibe. Nilicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Elisante aje.

Siku zilizofuata tulishinda kwenye visahani. Madoa ya manjano yaliota kutoka kwenye pamba tuliyofutia mawe. Yaliota kwenye bata, na kwenye yangeyange wachache. Yaliota kwenye maji ya mto kuanzia pale ndege wanapoanza kutua kwenda chini. Maji ya juu ya Mzee Chilumba yalikuwa matupu. Seramu mpya ilipofika haikukatisha kitu, si cha ndiva, si cha ndege. Dawa mpya ya karatasi tuliijaribu kwanza kwa kijidudu tunachokijua. Ikageuka zambarau kabla sijaondoa waya. Nikapaka chetu. Nyeupe. Nikapaka cha bata. Nyeupe. Daktari alisogeza kiti, akapaka mwenyewe, akakaa akitazama karatasi ile nyeupe kama mtu anayetazama picha ya jamaa.

"Dawa ni nzima," nilisema.

"Dawa ni nzima," alijibu. "Vitabu ndivyo vimepungukiwa."

Aliviweka vitabu vyake vyote mezani, tukapitia kila maelezo, yeye akisoma na kututafsiria, sisi tukisema ndiyo au hapana. Kila jamaa wa kipindupindu aliyetajwa alikataa mahali fulani. Mwisho Mzee Chilumba alijiegemeza ukutani akasema, "Basi huyu ni mtu ambaye hajaandikishwa."

Jumamosi tulirudi mlimani. Watu walikuwa wamekusanyika, na Katibu Tarafa alikuwa na vijana wenye sururu. Ndiva ilikuwa imeanza kujaa tena, maji meupe juu ya mawe safi. Daktari alieleza kwa Kiswahili chepesi: kijidudu hiki si kipindupindu, kinaishi kwenye ndege wa porini na kwenye maji wanayotua, na tumekirudia kila kipimo kwa dawa mpya.

"Kinaitwaje?" Katibu aliuliza.

"Hakina jina bado."

"Ndugu Daktari, nitaripotije huko juu kitu kisicho na jina? Nitasema nimeacha maji kwa sababu yana kitu tusichokijua?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Watu walianza kunong'ona. Ndipo Katibu alipogeuka akanitafuta kwa macho. Alijua mimi ni mtu wa pale. Kila mtu alijua.

"Wewe, dada. Umekipima kwa mkono wako. Nyumba yenu ni ile pale. Ungekunywa maji haya?"

Nilimwona Elisante mbele ya wengine, koti la baba likiwa limefungwa hadi shingoni. Uso wake wote ulikuwa unaniambia ndiyo. Na ningeweza kusema ndiyo. Nilikuwa nimeyanywa utoto wangu wote.

"Singekunywa," nilisema.

Nilisikia watu wakivuta pumzi. Elisante alitazama chini.

"Kinachotoka kwenye ndege kinaweza kumharisha mtoto, hata kama si kipindupindu. Hatujakijua vya kutosha. Ya kunywa ningechota kule juu msituni, na ningeyachemsha. Lakini mahindi hayaharishi. Ndiva nisingeibomoa."

Katibu Tarafa alinitazama. Nadhani alikuwa amejiandaa kusikia mtu akitetea kwao. Aliwageukia vijana wenye sururu akawaambia wakae chini wapumzike. Kisha akamwuliza Mwenyekiti kama kila nyumba ina sufuria ya kuchemshia maji, na Mwenyekiti akasema isiyo nayo itaazimwa. Iliamuliwa hivyo: ndiva ibaki kwa mashamba, maji ya kunywa yachotwe juu na yachemshwe, na Katibu aripoti kwamba Daktari anaendelea na uchunguzi. Hakuna aliyepiga vigelegele. Watu waliondoka wakizungumza kwa sauti ya chini, na wengi walinipita bila kunisalimia, maana nilikuwa nimesema mbele ya serikali kwamba maji ya wazee wao hayanyweki.

Elisante naye alinipita.

Vijidudu vile tulivihamisha kwenye mirija yenye lishe mpya kila vilipochoka, mimi na Mzee, ili visife kabla ya kutambuliwa. Mirija mingine ilikwenda maabara kuu, na kutoka huko ng'ambo. Majibu yalichukua muda mrefu sana. Walikubali kwamba ni aina isiyowahi kuelezwa, wakakipa jina la Kilatini ambalo Mzee Chilumba alikataa kulitamka, akisema ana ulimi mmoja tu. Alistaafu mwaka huohuo akarudi Newala, na huko ndiko alikozikwa. Daktari Mrisho alihamishwa. Mirija iliyobaki niliitunza mimi, na ile mnayoihamisha ninyi kila msimu bila kujua ilitoka wapi, ilitoka pale. Ndiyo maana niliwasumbua sana kuhusu kuihamisha kwa wakati. Ikifa hapa kwetu, itabaki kwa wageni peke yao.

Baada ya mavuno ya mwaka ule wa mkutano nilipanda mlimani. Sikuwa nimeitwa. Tangu siku ile Elisante hakuwa amekanyaga Same, na wadogo zetu wa kike walikuwa wameniambia nimwache. Nilimkuta ameketi nje akipukuchua mahindi, gunia likiwa limejaa nusu. Tulisalimiana kama watu wa mbali. Mkewe alinipa kigoda. Nilikaa nikachukua gunzi moja nami nikaanza kupukuchua, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono.

Tulipukuchua hadi jua likahama. Halafu Elisante aliinuka, akaingia ndani, nikasikia mfuniko wa chungu. Alitoka na kikombe cha bati, akanipa kwa mikono miwili.

"Kunywa, dada," alisema. "Yamechemshwa."